Ukuta umevunjika, msiutupe

Mzee wangu wa Tabora. Barua yako nimeisoma mara mbili. Unasema mwanao aliyeko Marekani amemtumia mjukuu wako treni ndogo ya kuchezea, pamoja na boksi la stesheni ya kuunganisha yenye kuta za plasta. Ukuta mmoja ulimvunjikia mtoto mkononi, ukamkaripia. Tangu hapo haligusi boksi, na baba yake akipiga simu anamwambia limepotea. Unauliza kama ulitupe.

Usilitupe, mzee. Plasta hiyo ni ndugu ya ile anayofungwa hospitali mtu aliyevunjika mkono. Ni unga wa jasi iliyochomwa, ambao ukikutana na maji hugeuka jiwe. Huvunjika kirahisi, lakini hunakili kila tofali na hunywa rangi vizuri. Wapo mafundi wa treni ndogo wanaomegua pembe za kuta kwa makusudi, jengo lionekane limekula chumvi.

Fanyeni hivi. Pakeni gundi nyeupe ya mbao kidogo kwenye kingo zilizovunjika, muiache inywewe, kisha mpake tena na kubana vipande juu ya kioo kilichotandikwa nailoni. Futeni inayotoka pembeni mara moja, kwa sababu penye gundi plasta hainywi rangi. Acheni hadi kesho yake. Kingo za kuta zisizokaa sawa, zisugueni taratibu kwenye msasa uliolazwa juu ya meza, mkiziba pua kwa kitambaa. Jaribuni kuta zote zikiwa kavu kabla ya kuziunganisha, halafu gundi ikipakwa mzifunge kwa rababendi bila kukaza sana.

Rangi ya maji iwe nyepesi kama chai ya rangi. Tabaka mbili tatu nyepesi huacha mawe yaonekane, ila rangi nzito huyaziba. Zikikauka, pitisheni kijivu hafifu na kufuta papo hapo kwa kitambaa, nacho kitabaki kati ya mawe mfano wa saruji. Hapo wewe ndiye fundi mkuu. Umestaafu reli, unajua ukuta wa stesheni huchafuka wapi: chini kwa matope ya mvua, juu kwa moshi. Ufa utakaobaki, pakeni kahawia iliyokoza.

Tazama pia kipimo kwenye boksi. Kama ni 1:87, mtu wa sentimita 174 anakuwa wa sentimita 2 tu. Mwambie mjukuu akate kijiti cha urefu huo. Huyo ni babu, amesimama stesheni. Na wakati gundi inakauka, msimulie jinsi reli ya kati ilivyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Kigoma mwaka 1914.

Sasa la mtoto. Hakusema uongo kwa ubaya, aliogopa kuonekana ameharibu zawadi ya baba asiyemwona. Usianze na swali la uongo. Lete boksi mezani, umwambie unahitaji mikono yake midogo. Gundi aipake yeye, wewe ushike ukuta. Stesheni ikisimama, amwonyeshe baba yake mwenyewe kwenye simu, na ufa auonyeshe, aeleze mlivyouziba.

Wazee walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwenu vyote viwili vipo mezani, mzee. Anzeni na ufa.