Droni ikigoma, isilazimishwe

Droni ikigoma kupaa jirani na Uwanja wa Tanzanite Kwaraa, vijana wa Babati husema fasta: kimeo hicho. Mara nyingi wala si kimeo. Dira yake imevurugwa na mabati na nondo. Mwenyewe aisogeze mahali pa wazi, aizungushe ikiwa imelala, kisha ikiwa wima, asubiri inase setilaiti za kutosha. Dakika chache tu! Anayelazimisha ajiandae kuifuata Ziwa Babati, kwa viboko. Hasara hiyo ni ya mfuko wake. Lakini betri iliyovimba haivumiliwi hata kidogo. Isipandishwe juu ya vichwa vya mashabiki, hata kama kibali kiko mkononi na mpira umeshaanza.