Mateka wa ukoloni na swali la uraia Kagera

KATIKA wilaya za Ngara na Biharamulo, mkoani Kagera, kuulizwa jina la babu si udadisi wa ukoo tu. Mara nyingine muulizaji ni ofisa uhamiaji, na jibu linaweza kuamua iwapo mtu abaki kwenye shamba lake au avushwe mpaka.

Februari 2001 Serikali ilitangaza kuwa watu wanne maarufu hawakuwa raia, wakiwamo mwandishi wa habari na mbunge wa zamani, Jenerali Ulimwengu, na aliyekuwa Mwenyekiti wa CCM Mkoa wa Kagera, Anatory Amani. Amani huyo huyo baadaye alikuwa Meya wa Bukoba. Mwaka 2013 ikaja Operesheni Kimbunga, na miongoni mwa maelfu waliovuka kwenda Rwanda walikuwamo waliosema wamezaliwa Tanzania.

Vigogo wana mawakili na magazeti. Mkulima wa kawaida ana masimulizi ya wazee wake, basi.

Masimulizi hayo huwa mazito zaidi pale ambapo mzee wa kwanza wa ukoo alifika akiwa mateka. Utawala wa Kijerumani haukufuta utumwa. Ulitamka tu kuwa watoto wa watumwa watakaozaliwa kuanzia mwaka 1906 watakuwa huru. Waingereza ndio walioufuta kisheria, mwaka 1922. Katikati yake, mwaka 1916, jeshi la Wabelgiji kutoka Kongo liliingia Biharamulo likiwa na wapagazi wake. Mateka alipewa jina jipya, akajifunza lugha ya waliomchukua, na hakuna aliyemwandikia cheti cha kuzaliwa.

Wajukuu wengi wa watu wa namna hiyo wangependa kuificha asili hiyo, kwa aibu na kwa hofu. Kwa maoni ya mwandishi, hapo hujinyima ushahidi wao wenyewe. Sheria iliyoanza kutumika Desemba 9, 1961 haikuuliza kabila la babu. Ilimtaka aliyezaliwa Tanganyika kabla ya siku hiyo awe pia na mzazi mmoja aliyezaliwa humo.

Mzazi mmoja, si lazima baba. Mateka aliyeoa binti wa Biharamulo aliwaachia watoto mama mzaliwa wa nchi hii, lakini nasaba zetu huhesabiwa kwa wanaume, na jina la bibi huyo ndilo husahaulika kwanza.

Ngara ina fundo jingine. Bugufi ilikuwa chini ya mwami wa Burundi, na Waingereza na Wabelgiji walipogawana eneo hilo baada ya Vita Kuu ya Kwanza ikabaki Tanganyika. Waliozaliwa huko hawakuhama hata hatua moja, ingawa lugha na majina yao hufanana na ya ng'ambo.

Waliozaliwa kabla ya Uhuru sasa wamevuka miaka 60. Majina ya mama zao, na vijiji walikozaliwa, bado wanayakumbuka.