Saa ya Marehemu ni Mali ya Warithi



Mzee anapofariki, nyumba na fedha zake huandikwa kwa hadhari, lakini saa yake ya mkono huchukuliwa na aliyekuwa karibu, akaiita kumbukumbu. Kisheria saa hiyo ni katika tirka kama mali nyingine: hutolewa gharama za maziko, madeni na wasia usiozidi thuluthi, kisha hugawanywa. Anayeitaka aichukue kwa ridhaa ya warithi waliobaleghe, au ihesabiwe katika fungu lake. Fungu la yatima halina wa kulisamehe. Basi hatuna budi kuijua thamani yake kwanza.

Tuanze na jina lililo usoni, ila tusiishie hapo, kwani uso wa saa hubadilishwa. Katika Rolex nyingi za zamani, namba ya aina imechorwa ubavuni penye tarakimu 12, na namba ya saa yenyewe penye 6. Huonekana ukanda ukitolewa. Omega za zamani namba yake imo juu ya mashine, basi afungue fundi. Seiko imeandikwa mgongoni: tarakimu ya kwanza ni ya mwisho ya mwaka, ya pili ni mwezi. Inayoanza na 73 yaweza kuwa ya Machi 1967, 1977, 1987 au mwaka mwingine unaoishia na 7. Aina ya mashine ndiyo itakayoamua.

Alama 375 ni dhahabu ya karati 9, na 750 ni ya karati 18. Palipoandikwa "microns", hiyo ni ya kuchovya. Iliyo dhahabu halisi haimfai mwanamume kuivaa, lakini huirithi na kuiuza.

Wenzetu wenye jamaa Oman watazame kama uso una alama ya jambia. Sultani Qaboos, aliyetawala kuanzia 1970 hadi 2020, alitunuku saa za namna hiyo, na bei yake huzidi mno ya saa kama hizo zisizo na alama. Kwa sababu hiyo wadanganyifu huichapa alama hiyo. Barua au kisanduku kilichokuja nayo ni ushahidi, kisitupwe.

Tusiing'arishe wala kupaka uso rangi upya. Wanunuzi huutaka ukale wake. Na zile kongwe zilizong'aa gizani, nyingi zilipakwa radiamu, ambayo sumu yake hudumu hata mng'aro ukitoweka. Watoto wasizifungue.

Mwisho, tutafute wakadiriaji wawili, wala asiwe yule anayetaka kuinunua. Tuwaombe kwa maandishi bei ya sokoni, si ya bima, kwani ya bima aghalabu huwa juu zaidi. Karatasi hiyo isomwe mbele ya warithi wote, wanawake kwa wanaume, kabla saa haijavaliwa na yeyote.

Wabillahi tawfiq.