Misri Hatukuacha Kitu

Harusi ya Jumamosi iliyopita hapa Roret, Kericho, ilikwenda vizuri hadi mhubiri aliposhika kipaza sauti. Aliwahimiza maarusi waanze kuweka akiba mapema, ili siku moja wapande ndege wote wawili waende Misri kuona tulikotoka. Watu wakapiga makofi. Mimi nikapoteza hamu ya pilau.

Hadithi hii ya Wakalenjin kutoka Misri imegeuka Injili ya tano. Utaisikia matangani, utaisikia redioni, na sasa vijana waliooana asubuhi wanauziwa kama fungate. Ukiuliza ushahidi, utachoka kwa kucheka. Mzee mmoja mezani petu alisema ameona picha kutoka kaburi la Farao, na ndani yake mtu anakamua ng'ombe. "Ni sisi kabisa!" Kama kukamua ndiko kunakompa mtu undugu na Farao, basi Wadinka, Wamaasai, Wanyankole na Waholanzi nao wasogezewe viti, harusi ni yao pia. Mwingine akaleta ile ya Asis, Mungu wetu wa jadi, kuwa ndiye Isis wao. Asis tunamhusisha na jua, na jua la Wamisri lilikuwa la Ra. Hata kubahatisha kunahitaji kusoma kidogo.

Wanaisimu wanaiweka lugha yetu pamoja na za Kinilo, na wengi wao hutafuta chimbuko letu upande wa mpaka wa Sudan Kusini na Ethiopia. Lakini huko hakuna piramidi ya kupigia picha, kwa hiyo hakuna mhubiri anayewatuma maarusi.

Kinachonikera zaidi ni kwamba tunao wahenga wenye majina, na tunajua walikopelekwa. Mwaka 1914 serikali ya kikoloni ilimwondoa Kipchomber arap Koilegen, orgoiyot, yaani kiongozi wa kiroho, wa Wakipsigis, Wakalenjin wa huku kwetu, ikampeleka Fort Hall, ndiyo Murang'a ya leo, na hakurudi akiwa hai. Mwaka 1934 ikatunga sheria maalumu ya kuwahamisha Watalai wote, ukoo wa maorgoiyot, watu karibu 700, wake kwa waume na watoto wao, hadi Gwassi kando ya Ziwa Victoria, kwenye mbung'o na malale. Waliosalia walianza kurudi uhuru ulipokaribia, wakakuta nchi yao imejaa chai ya wengine. Sasa niambie: ni wanandoa wangapi wa Roret wamewahi kwenda Gwassi? Ni Homa Bay tu pale, haihitaji pasipoti wala viza. Ni nani amewahi kumpeleka mkewe Murang'a akamwambia, huku ndiko alikofia mzee wetu?

Badala yake bonasi ya majani chai, ile ndogo tunayoingoja mwaka mzima huku tukipita kwenye tope lisilo na lami, iende ikalipie ngamia wa kupanda Giza! Vijana hao hao ukiwauliza jina la baba wa babu yao, wanatazama simu. Zamani kwenye koito, sherehe ya uchumba, wazee waliuliza kwanza oret, yaani ukoo, ya kila upande, wasije wakaoza ndugu kwa ndugu. Huo ndio ulikuwa utafiti wa asili, na ulimalizwa kwa mursik, maziwa yetu ya mala, bila wakala wa safari. Siku hizi koito ni hema, mpiga picha na droni.

Na kama lazima mpande ndege, pandeni ya London. Koitalel arap Samoei, nduguye Koilegen na orgoiyot wa Wanandi, aliuawa na Meinertzhagen, afisa wa jeshi la Waingereza, mwaka 1905, na fimbo zake tatu za uongozi zilirudishwa Kenya mwaka 2006. Zilitoka Uingereza, kwa mwana wa muuaji, si kwenye jumba la makumbusho la Cairo. Mafaili ya Koloni ya Kenya yako Kew, kwenye Hifadhi ya Nyaraka ya Uingereza, pamoja na yale yaliyofichwa na serikali ya Uingereza huko Hanslope Park hadi kesi ya wapiganaji wa Mau Mau ilipoyafichua mwaka 2011. Nendeni wawili, mmoja asome na mwingine anakili, mtafute ni nani alitia sahihi na shamba la nani likapewa nani. Farao hatumdai hata ng'ombe mmoja. Hawa wengine tunawadai.