Karantini ni ya Ng'ombe, Kutengwa ni kwa Mdhambi

Wenzangu wa kalamu, leo nawasema ninyi. Na mimi nimo, tena mstari wa mbele.

Januari 2025, siku chache baada ya Rais Samia kuthibitisha pale Dodoma kwamba Marburg imeingia Biharamulo, niliandika habari fupi. Wahudumu wa afya walikuwa wanawafuatilia watu waliokutana na wagonjwa, wanawapima joto na kuwauliza hali zao. Mimi, kwa haraka zangu za kuwahi muda wa gazeti kufungwa, nikaandika "wawekwa karantini". Mhariri akafurahi, maneno yakapanda juu kwenye kichwa cha habari, na asubuhi redio zikayasoma kwenye mapitio ya magazeti.

Jioni simu ikaita. Shangazi yangu wa Nkwenda, kule Kyerwa.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba baba. Hivi ni wewe uliyetangaza karantini?"

Nikacheka. Yeye hakucheka. Mwanawe, binamu yangu, ni utingo wa lori na wiki ile alikuwa amelala usiku mmoja Biharamulo. Hakugusa mgonjwa, hakuingia hospitali, hakuzika mtu. Kutoka Biharamulo mpaka Nkwenda ni safari ndefu, sharti uivuke Karagwe kwanza. Lakini redio imesema karantini, na kijana ametoka huko. Basi gulioni watu wakawa wanapita mbele ya ndizi za shangazi kama vile zina miiba. "Mmemfanya mwanangu ng'ombe," akaniambia.

Nilikaa na hilo neno ng'ombe siku mbili nzima. Halafu nikaelewa.

Karagwe na Kyerwa ni nchi ya wafugaji pia, si ya migomba na kahawa peke yake. Huko karantini si neno geni la kitaalamu lililokuja na ndege. Ni neno la mnada. Ugonjwa wa miguu na midomo ukiingia, serikali inatangaza karantini: mnada unafungwa, vibali vya kusafirisha mifugo vinasimama, ng'ombe hatoki wala haingii. Lina sheria yake kabisa, Sheria ya Magonjwa ya Wanyama ya mwaka 2003. Mfugaji wa Karagwe analijua neno hili kuliko mimi niliyelisoma chuoni. Kwa hiyo ukimwambia kuna mtu yuko karantini, anamwona mtu huyo ndani ya zizi.

Sasa tuje kwa wenye neno. Waingereza wanasema quarantine, walilitoa kwa Waitaliano wa Venice, ambako meli zilizotoka penye tauni zilingoja siku 40 kabla watu hawajashuka. Angalia vizuri: waliongojeshwa ni watu wazima wa afya, ila inahofiwa huenda wamebeba ugonjwa. Mgonjwa mwenyewe, yule ambaye tayari anatapika na kuchemka homa, ana neno lake jingine, isolation. Huyo analazwa peke yake ili atibiwe bila kuambukiza wengine. Halafu kuna wa tatu, ambaye sisi waandishi tumemsahau kabisa: aliyekutana na mgonjwa, anabaki kwake, ila anapimwa kila siku mpaka ziishe siku 21. Marburg haiambukizwi na mtu ambaye hajaanza kuonyesha dalili. Inapita kwenye damu, matapishi na majimaji mengine ya mwili. Kwa hiyo huyu wa tatu si hatari kwa jirani yake wakati bado ni mzima, ila lazima aangaliwe.

Watu watatu, hali tatu. Magazetini wote watatu wako "karantini", na siku tukichoka na neno hilo tunaandika "wametengwa".

Hilo la kutengwa ndilo baya zaidi. Uliza muumini yeyote wa Kayanga, Mlutheri au Mkatoliki, nini maana ya kutengwa. Atakwambia ni kutengwa na kanisa: umetenda dhambi, hupati meza ya Bwana mpaka utubu. Kyerwa ilipomegwa kutoka Karagwe na kuwa wilaya mwaka 2012, nani alisema Kyerwa imetengwa? Tulisema imegawanywa, kwa sababu haikuwa na kosa. Mgonjwa naye kosa lake nini?

Na mkoa huu, jamani, ungetakiwa kuwa wa mwisho kufanyiwa mzaha wa maneno. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI Tanzania walionekana Kagera mwaka 1983. Watu waliuita ugonjwa ule Juliana, jina la nguo za fasheni zilizokuwa zinavuka kutoka Uganda. Jina tu, lakini lilikuwa limeshatoa hukumu: huyu alipenda vya fahari, acha yamkute. Hakuna sheria iliyowatenga wale wagonjwa. Walitengewa sahani na vikombe na ndugu zao wenyewe.

Kuna watakaosema nafanya ubishi wa darasani, kwamba msomaji anaelewa tu. Anaelewa nini? Mwenye homa akisikia atatengwa, anajificha. Akijificha, anauguzwa na mama yake kwa mikono mitupu. Mwaka 2023 Bukoba tulipoteza watu 6 kati ya wagonjwa 9. Biharamulo mwaka 2025 walihesabiwa 10, na wote 10 walikufa. Ugonjwa wa namna hii unadhibitiwa kwa watu kujitokeza mapema, na neno letu linawafukuza.

Wala msiniambie Kiswahili hakina uwezo. Mwaka 2020 tulihitaji neno la kile kitambaa cha kuziba mdomo na pua, tukaichukua barakoa iliyokuwa ikivaliwa na wanawake wa pwani, na leo mpaka bibi wa Murongo anaijua. Mnyauko wa migomba ulipoingia Kagera mwaka 2006, maelekezo yaliyokaa vichwani ni ya vitendo: ondoa ua dume kwa kijiti chenye panda, choma panga moto kabla ya kuhamia shina jingine. Kila mtu alijua mkono wake ufanye nini.

Basi tuandike hivyo hivyo. Mgonjwa amelazwa chumba cha peke yake. Aliyekutana naye anafuatiliwa akiwa nyumbani, siku 21. Karantini tuiweke akiba kwa siku ambayo kweli watu wamezuiwa kutoka, kama wasafiri waliotoka nje mwaka 2020 wakawekwa hotelini siku 14 kwa gharama zao. Kutengwa tuwaachie wachungaji na mapadri.

Nilimwomba mhariri tuchape sahihisho. Akasema habari imeshapita.

Binamu yangu alimaliza siku 21 bila hata mafua, akarudi kwenye lori. Ndizi za shangazi zilianza kununuliwa tena. Ila mama aliyekuwa anapanga bidhaa zake jirani naye pale gulioni alihamia upande wa pili wiki ile, na mpaka leo hajarudi.