Udhamini Si wa Kampuni Kubwa Peke Yake

Wenye maduka wengi wa Nyamasaria, Kisumu, wanaamini kwamba udhamini ni kazi ya kampuni kubwa, na kwamba duka dogo likikipa kikundi kitu chochote, limetoa sadaka tu. Imani hiyo inawapokonya wateja.

Agosti 2019, kampuni ya kamari ya SportPesa, ikizozana na serikali kuhusu leseni na kodi, ilifuta udhamini wake wote wa michezo nchini. Klabu za soka za Gor Mahia na AFC Leopards zikabaki bila mdhamini, msimu mpya ukibisha hodi. Kampuni ya namna hiyo hutafuta macho ya nchi nzima, na hesabu zikigeuka huondoka. Muuza mabati wa kando ya barabara ya Ahero hana haja na nchi nzima. Anahitaji watu wanaoweza kumfikia kwa miguu au kwa boda, na hao wamo kwenye vyama vya akina mama, kwaya na timu za mtaa.

Tazama viti vya plastiki vya chama cha akina mama. Mgongoni mwa kila kiti pamepakwa jina la chama kwa rangi, visije vikachanganyika na vya wengine. Viti hivyo huenda matangani, harusini, kwenye harambee za karo. Changia viti, jina la duka lako lipakwe chini ya lile la chama, nawe utaingia bomani ambamo tangazo la redio lisingeheshimiwa. Kufanya hivyo si kuchuma msibani. Aliyefiwa anahitaji pa kukalisha wageni, na anayemsaidia hasahauliki.

Hasara halisi ni ile mia tano unayompa kila anayeingia na daftari la mchango. Mwisho wa mwaka umetoa nyingi na hakuna anayekukumbuka. Chagua kikundi kimoja. Kaa na viongozi wake, mwandikiane: unatoa nini, jina linakaa wapi, kwa muda gani, na wanachama watanunua kwako kwa bei ipi. Kudai hayo si uchoyo. Wao pia watakuheshimu zaidi.

Kisha kuna suala la mkopo, ambalo kwangu ndilo kubwa kuliko yote. Mwanachama akitaka mabati alipe polepole, mwombe mweka hazina amdhamini. Yeye anajua nani huleta mchango wake kila wiki na nani huja na visingizio. Wewe, ukitegemea daftari la dukani peke yake, utayajua hayo mali ikiwa imeshaondoka.