Kulivika Bomba la Moshi: Joto Huenda Wapi?

Miongoni mwa wapenzi wa pikipiki kuukuu umeenea mtindo wa kuyazungushia mabomba ya moshi utepe wa nyuzi za kioo, tangu yanapotoka kwenye silinda hadi yanapoungana na ekzosi. Kazi hiyo hufanyika nyumbani kwa saa chache, na mwenye pikipiki huridhika kwamba ameipoza injini na kuiongezea nguvu. Imani hiyo yastahili kupimwa kabla utepe haujanunuliwa, kwa kuwa madhara yake hayaonekani mpaka bomba limekwisha kutoboka.

Utepe haupozi kitu. Nyuzi zilizofumwa hunasa hewa iliyotulia, na hewa ya namna hiyo hupitisha joto kwa shida. Kanuni hii aijua kila mpishi anayekifunika chungu cha wali kwa majani ya mgomba na matambara: kwa nje mkono hauungui, lakini ndani wali haupoi. Bomba lililo wazi hutoa joto lake kwa upepo na kwa mnururisho. Likivikwa, joto hubaki ndani, na chuma chenyewe huwa cha moto kuliko awali.

Ni kweli kwamba moshi ukibaki na joto huwa mwepesi na hupita kwa kasi zaidi. Katika injini ya mashindano, ambayo mabomba na kabureta zake zimepimwa kwa pamoja, jambo hilo laweza kuwa na faida. Lakini pikipiki kuukuu iendayo sokoni au matembezini haizunguki kwa kasi hiyo aghalabu ya safari yake. Faida ni ndogo mno. Hasara ni ya hakika.

Mathalan, yafaa kuitazama Triumph Bonneville ya Uingereza, ambayo toleo lake la kwanza lilikuwa la mwaka 1959. Injini yake ina silinda mbili zinazopozwa kwa hewa, na mabomba yake ni ya chuma cha kawaida kilichopakwa kromu. Kiwanda chake cha Meriden kilifungwa mwaka 1983, hivyo bomba lake la asili likiharibika halina mrithi wa kweli. Utepe hunywa maji ya mvua na ya kuoshea, kisha huyashikilia juu ya chuma. Kutu hula chini kwa siri, na katika miji ya pwani yenye hewa ya chumvi huenda mbio zaidi. Isitoshe, injini za kale huvuja oili. Utepe uliolowa oili juu ya bomba la moto ni utambi unaongoja kuwaka.

Iko pia hatari ya afya. Zamani tepe za namna hii zilitengenezwa kwa asbesto, ambayo vumbi lake husababisha saratani miaka mingi baada ya kuvutwa. Anayenunua pikipiki kuukuu iliyokwisha kuvikwa asiuchane utepe huo ukiwa mkavu, wala asiufagie, mpaka ajulishwe na mjuzi ni wa kitu gani.

Hoja moja tu ya wanaovika mabomba ina uzito: mguu wa abiria, hasa wa mtoto, huungua upesi ukigusa chuma kitupu. Lakini dawa yake bora ni ngao ya bati lenye matundu, iliyofungwa kwa vibanio na kuachiwa nafasi ya sentimita moja hivi ili hewa ipite. Mguu husalimika, na bomba hukauka baada ya mvua.

Ambaye hata hivyo ameazimia kuvika, hana budi kwanza kuzuia uvujaji wa oili, kung'oa kutu na kupaka rangi inayohimili joto. Avae glavu na kufunika pua na mdomo. Aanzie chini kwenda juu, kila mzunguko ukilalia ule wa chini kama makuti ya paa, na afunge kwa vibanio vya chuma kisichoshika kutu. Injini iwashwe mara ya kwanza uwanjani, si ndani ya banda, kwa sababu utepe mpya hutoa moshi. Kisha aufungue mara kwa mara akague.

Joto halifi kwa kufunikwa; huhama tu. Fundi wa nyumbani atakayejiuliza kwanza linahamia wapi atakuwa amefanya sayansi kabla ya kushika spana.